Tiba ya Mionzi na Maneno ya Watu

Yako maradhi ambayo watu huyakhofu, na katika hayo saratani ni ya mbele. Lakini nimeona kwa macho yangu katika mji wetu wa Tanga kwamba iko dawa ya maradhi haya ambayo watu huikhofu kuliko maradhi yenyewe, nayo ni tiba ya mionzi. Mtu akiambiwa akatwe huridhia. Akiambiwa anywe dawa chungu mwaka mzima huridhia. Lakini akiambiwa aende Dar es Salaam kupigwa mionzi, jamaa hukutana usiku, na aghlabu asubuhi yake mgonjwa hupelekwa kwa mganga. Mimi ni mwalimu wa chuo, si tabibu. Haya nitakayoyaandika nimeyapata kwa kuwauliza wenye kuyajua, kama tulivyoamrishwa kuuliza tusiyoyajua, na mengine nimeyapata kwa njia ambayo sikuitaka, kwani yalifika nyumbani kwetu.

Mwaka 2016 dada yangu mkubwa, tuliyezaliwa naye tumbo moja, alikuwa na umri wa miaka 58, na damu ya mwezi ilikuwa imekwisha kumkatikia miaka sita nyuma. Ikarudi. Hakumwambia mtu illa mke wangu, naye kwa haya akaniletea suala kana kwamba ni la mtu mwingine: mwanamke aliyekwisha kukatikiwa kisha akaona damu, je, aswali au asiswali? Nikalijibu kwa furaha, maana ni katika masala ninayoyasomesha kila mwaka. Nikasema kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii hedhi haina mwisho wa umri, kwa hiyo damu ikitimiza usiku na mchana na ihesabiwe hedhi, na ikipindukia siku kumi na tano imekuwa istihadha, basi ajisafishe, ajifunge kitambaa, atie udhu kwa kila fardhi baada ya kuingia wakati wake, aswali. Jibu lilikuwa sahihi kwa kitabu. Walakini sikuuliza hata neno moja juu ya damu yenyewe, inatoka wapi na kwa sababu gani.

Baada ya miezi miwili akaanza kuumwa na kiuno. Hapo nikamwandikia kombe kwa zafarani, akanywa kwa imani. Sijutii Qur'ani, Mwenyezi Mungu apishe mbali. Najutia kwamba nililifanya kombe kuwa pazia. Mtume wetu (S.A.W.) aliruhusu mgonjwa kusomewa, na yeye huyo huyo aliwahimiza watu wajitibu, akawafundisha kwamba hapana maradhi yaliyowekwa illa yamewekewa na dawa yake, isipokuwa uzee. Mambo mawili haya hayagombani. Sisi ndio tunaoyagombanisha, na khasa sisi walimu, kwa kuwa mgonjwa akija kwetu kwanza huona amekwisha kufika.

Miezi saba ikapita namna hiyo. Ndipo mwanawe wa kiume aliponijia barazani akaniambia, “Shikamoo mjomba. Mimi nampeleka mama hospitali, nimekuja kukuarifu tu.” Sikuwa na la kumjibu. Wakamkata kipande kidogo cha nyama wakakipima, na majibu yakaja: saratani ya shingo ya kizazi, nayo imekwisha kutoka mahali pake na kuingia katika nyama za pembeni. Kisu hakifai tena, wakasema. Aende Dar es Salaam akapate mionzi.

Kikao cha usiku kikakaliwa nyumbani kwangu. Mmoja akasema kwamba mgonjwa hulazwa juu ya kitanda cha chuma na kuchomwa kwa umeme mpaka tumbo ligeuke mkaa. Wa pili akasema kwamba mtu akirudi huko hawezi kumshika mtoto mchanga, na sahani yake ni ya kutengwa. Shangazi yetu mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, akatoa hoja ambayo wote tuliiona imekata: “Kama haina madhara, mbona wenyewe wakishaiwasha hukimbia nje na kufunga mlango?”

Nataka nilieleze jambo hili taratibu, kwa kuwa hoja ya shangazi ilikuwa na akili ndani yake na haistahiki kuchekwa.

Mionzi ni jamaa ya nuru, lakini ni nuru isiyoonekana na yenye nguvu ya kupenya mwili. Aliyeigundua ni Mjerumani mmoja, Wilhelm Röntgen, katika mji wa Würzburg, mwezi wa Novemba 1895, na katika picha zake za kwanza ilikuwamo ya mkono wa mkewe, mifupa imeonekana yote na pete ikielea juu ya kidole. Mwaka uliofuata Mfaransa Henri Becquerel akakuta kwamba madini ya urani hutoa mionzi yenyewe bila ya kuwashwa na mtu, na mwaka 1898 Marie Curie na mumewe Pierre wakapata radiamu, ambayo nguvu yake ni kubwa zaidi. Becquerel alitembea na kichupa cha radiamu katika mfuko wa koti, na ngozi yake ikaungua. Kutokana na kuungua namna hiyo wataalamu walijiuliza: kitu kinachoua nyama nzima, hakitaweza kuua nyama mbaya? Hiyo ndiyo asili ya dawa hii. Ilitoka katika madhara, na waliotangulia waliyalipa kwa miili yao. Matabibu wengi wa siku zile za mwanzo walikatwa vidole na mikono, na Bibi Curie mwenyewe alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu, na madaftari yake yamehifadhiwa Paris katika masanduku ya risasi kwa sababu mionzi haijatoka ndani yake.

Kwa hiyo mtu akisema mionzi ni khatari, amesema kweli. Kosa lake ni kudhani kwamba wanaoitumia hawajui.

Kila kiungo cha mwili kimejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa jicho, na chembe huzaliana kwa kugawanyika. Saratani ni chembe zilizoacha adabu, zinazogawanyika bila ya kiasi na kuingia katika ardhi ya wenziwe. (Jina lenyewe ni la Kiarabu, na maana yake ni kaa wa pwani, kwa vile mishipa ya uvimbe hutambaa kama miguu ya kaa. Ibn Sina aliitaja katika Qanuni yake, na Az-Zahrawi, bingwa wa upasuaji wa Andalusia, alikiri kwamba ikiisha kuwa kubwa hakuweza kuiponya.) Mionzi ikipita katika chembe huikata ule uzi wa ndani unaoiongoza katika kugawanyika. Chembe nzima hujua kuutengeneza uzi wake kwa muda wa saa chache. Chembe ya saratani aghlabu hushindwa, na ikijaribu kugawanyika hufa. Hapa ndipo ilipo siri ya tiba kutolewa kidogo kidogo. Mtu akipewa kipimo chote kwa siku moja, kibaya na kizuri vitakufa pamoja. Katika miaka ya 1920 tabibu Henri Coutard huko Paris alionyesha faida ya kukigawa kipimo katika siku nyingi, na mpaka leo mwendo ni huo, siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa, kila siku dakika chache.

Sasa twende kwa shangazi. Fundi wa mionzi hutoka nje kwa sababu yeye humtibu mgonjwa huyu, na wa pili, na wa hamsini, leo na kesho na miaka thelathini ijayo. Akibaki chumbani kila mara, atakusanya mwilini mwake kitu asichokihitaji. Mgonjwa hupewa kipimo chake, mahali pake, kwa idadi ya siku zake, kisha basi. Muuza dawa naye hatii ulimini kila kidonge anachokiuza. Na hakumwacha mgonjwa peke yake. Humtazama kwa kioo cha televisheni na kusikia sauti yake, na akiinua mkono mashine husimamishwa. Kuta za chumba kile ni zege nene kupita kuta za ngome.

Na habari ya kuchomwa? Dada yangu alitoka siku ya kwanza akaniuliza, “Wataanza lini?” Hakusikia moto wala maumivu. Mashine ilizunguka, ikalia kidogo, akaambiwa ashuke. Ngozi huja kuwa nyeusi na kuwasha baada ya wiki mbili tatu, kama iliyopigwa na jua, mahali pale palipotibiwa tu. Nywele za kichwa hazitoki kwa mionzi ya tumbo. Zinazotoa nywele ni baadhi ya zile dawa za mshipa. Yeye alipata kuharisha, mkojo wa kuunguza, na uchovu mkubwa ambao haukuondoka kwa kulala. Haya si mambo madogo, na ni vyema mgonjwa aambiwe kabla, ili yakimjia asidhani anakufa.

Ama lile la kutomshika mtoto, ndilo lililotuumiza kuliko yote. Mionzi inayotoka katika mashine hupita mwilini kama nuru ya taa inavyopita dirishani. Taa ikizimwa, chumba hakibaki na nuru. Aliyetibiwa kwa mashine anaweza kumpakata mjukuu wake jioni ile ile, akapika, akala na wenziwe katika sinia moja. Yako matibabu mengine, mfano yale ya kunyweshwa iodini yenye mionzi kwa ugonjwa wa tezi la shingo, ambayo mtu hutakiwa kujitenga na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa, na hospitali humwambia mwenyewe. Lakini watu wetu wamelichukua hilo dogo wakalitandaza juu ya wote. Dada yangu aliporudi Tanga alimkuta mkwewe amemnunulia kikombe chake peke yake, chenye ua jekundu. Hakusema neno. Alikinywea mpaka siku ya tatu, kisha akakiweka juu ya kabati kinywa chini.

Sitaki kuficha kwamba khofu hii ina tukio lake la kweli. Mwezi wa Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, watu wawili waliingia katika zahanati ya mionzi iliyohamwa, ambayo mashine yake ya zamani iliachwa ndani bila ya mlinzi. Wakachukua kichwa cha mashine wakakiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa siziamu, uking'aa rangi ya buluu gizani, na yule mnunuzi akaona ni kitu cha ajabu, akawaita jamaa na kuwagawia. Mtoto wa kike wa miaka sita aliuchezea unga ule akala chakula kwa mikono hiyo hiyo. Watu wanne walikufa, naye akiwamo. Zaidi ya watu 100,000 walipimwa, na 249 wakaonekana wamechafuka. Siku ya mazishi yake watu wa mji walikusanyika kumzuia asizikwe katika makaburi yao. Tazama jinsi khofu inavyofanya. Waliokufa waliushika unga wenyewe kwa mikono yao. Mgonjwa wa tiba hashiki kitu chochote. Lakini mji mzima ulitengwa, hata mazao ya jimbo lile watu wengine waliyakataa sokoni.

Mashine iliyomtibu dada yangu ilikuwa ya kobalti, ambayo ilianza kutumiwa kwa wagonjwa huko Kanada mwaka 1951. Kobalti hukaa ndani ya risasi nene, na hufunguliwa kitundu tu wakati wa tiba. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka mitano na kidogo, na ndiyo maana chombo kikizeeka mgonjwa hulazimika kulala muda mrefu zaidi kwa kipimo kile kile. Namna ya pili hutengeneza mionzi kwa umeme; ukiizima, haina kitu ndani. Taasisi ya saratani ya Ocean Road, ambayo imo katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani na imekuwa taasisi ya kujitegemea tangu mwaka 1996, ilipata mashine za namna hiyo ya pili mwaka 2018. Kenya ilianza tiba ya mionzi katika hospitali ya Kenyatta mwaka 1968. Uganda ilipatikana na msiba mwaka 2016, mashine yao ya pekee pale Mulago ilipoharibika kabisa, na wagonjwa wakabaki bila ya tiba hiyo nchini mwao mpaka nyingine ilipokuja kuzinduliwa Januari 2018. Hawa walikuwa wakilia kwa kuikosa, na sisi tuliokuwa nayo tulikuwa tukifanya vikao vya kuikimbia.

Dada yangu alipewa mionzi ya nje siku 25, na kila wiki dripu ya dawa, kisha mionzi ya ndani, ambayo chombo kidogo huingizwa mpaka kwenye shingo ya kizazi, kikatibu kwa karibu, kikatolewa. Hii ya ndani ndiyo wanawake wengi huiachia njiani kwa haya, nao hawajui kwamba bila yake tiba ya ugonjwa huu haikukamilika. Ramadhani ya mwaka 2017 ilimkuta katika wiki ya tatu. Akanipigia simu akitaka kurudi nyumbani afunge na watu wake, kisha arejee baada ya Idi. Safari hii nilimuuliza tabibu kabla ya kufungua kitabu. Akaniambia kwamba tiba ikikatwa, chembe zilizobaki hupata nafasi ya kuzaliana upya, na kwamba saratani ya namna hii yapasa imalizwe kutibiwa katika muda wa wiki nane. Nikamwambia dada yangu abaki, na akishindwa kufunga ale, atalipa. Kupigwa mionzi kwenyewe hakufunguzi saumu, kwani si chakula wala kinywaji. Wanaokula hula kwa sababu ya ugonjwa na udhaifu, na ruhusa hiyo imo katika Qur'ani wazi.

Wengine wameniuliza habari ya zile alama za wino ambazo fundi huzichora juu ya ngozi ili kila siku apige pale pale. Wino uliobaki rangi tu hauzuii maji, kwa hiyo udhu na josho husihi. Kinachokatazwa na matabibu ni kusugua, na sabuni kali, na mafuta na manukato juu ya mahali pa tiba. Maji ya kawaida kumwagiwa polepole hayana neno. Ngozi ikichubuka, na tabibu akasema maji yatadhuru, basi aoshe palipo pazima na atayamamu kwa ajili ya palipobaki. Mwenye saratani ya kinywa auache mswaki wa mti kwa muda, atumie kitu laini. Na mwanamke akitazamwa na tabibu mwanamume kwa kukosekana mwanamke, hiyo ni haja iliyoruhusiwa kwa kadiri yake, na ana haki ya kuomba muuguzi wa kike asimame karibu. Liko na jambo la unyumba, nalo waume wasome kwa makini: tiba hii hupabana mahali pale, na kwa mwanamke kijana hukata kizazi. Haya huulizwa kabla ya tiba, na mume akae hapo hapo asikie, wala asije akaoa wa pili kwa kulipizia kitu ambacho hakikuwa khiari ya mkewe.

Asili ya ugonjwa huu pia imezungukwa na dhana mbaya. Husababishwa na virusi vya papiloma, ambavyo hupita baina ya mke na mume, na mwanamke mwema asiyejua illa mume mmoja huweza kuvipata, vikakaa miaka mingi bila ya kuonekana. Basi asitukanwe mtu. Tangu mwaka 2018 serikali ya Tanzania hutoa chanjo yake kwa wasichana, na vituo vingi hupima shingo ya kizazi kwa kupaka siki na kutazama panapogeuka peupe. Ikionekana mapema huondolewa kabla haijawa saratani.

Dada yangu alirudi mwezi wa Julai 2017. Damu ilikatika. Alinenepa, akalipa siku zake zote za Ramadhani, akamwoza binti yake wa mwisho, na siku ya harusi alisimama jikoni tangu alfajiri. Mwanzoni mwa mwaka 2019 mgongo ukaanza kumuuma, na ugonjwa ukaonekana umeingia mifupani. Alipelekwa tena, akapigwa mionzi mara moja tu, na baada ya wiki mbili akaweza kulala usiku bila ya kulia. Na hili watu hawalijui, kwamba tiba hii hutumiwa pia kuondoa maumivu pale ambapo kuponya hakuwezekani tena. Akafariki mwezi wa Shaaban mwaka huo, akiwa nyumbani, kichwa chake mapajani mwa binti yake.

Matangani mtu mmoja akasema, “Si mmeona? Mionzi haikumsaidia.” Katika wodi yao alikuwamo mwanamke wa Pangani, ambaye aliona damu wiki moja akaenda zahanati wiki ya pili. Walianza tiba mwezi mmoja, kwa mashine moja. Mwaka jana nilimkuta stendi ya mabasi amebeba furushi la ukili, akanisalimia, akaniuliza makaburi ya kwetu yako wapi apite amwombee shoga yake.

Siku hizi mwanamke akiniletea masala ya damu iliyokuja nje ya wakati wake, humjibu la sala kama lilivyo kitabuni. Kisha mke wangu humwandikia katika kikaratasi jina la zahanati, na siku ambayo wanapima, na kama hana wa kwenda naye humsindikiza mwenyewe.